Chandarua cha Mzee Ndalahwa

Mzee Ndalahwa alikataa kurudi nyumbani. Alikataa siku maiti za vijana waliozama na mwanawe Pius zilipopatikana, akakataa siku wapiga mbizi walipofungasha vifaa vyao na kuondoka, na akakataa tena siku alipotoka zahanati, midomo imepasuka kwa homa, miguu haina nguvu hata ya kupanda bodaboda. Tereza, binti yake wa kwanza, alimsukuma mpaka akakaa, kisha akapanda nyuma yake wakawa watatu, mshikaki, akamzungushia mikono asije akaanguka.

"Stendi?" dereva aliuliza.

"Ziwani," mzee alijibu kabla Tereza hajafungua kinywa.

Pius alikuwa kitinda mimba wake. Alikuwa ametoka Misungwi kuja Mwanza kutafuta maisha, akakaa kwa dada yake Tereza huko Mkuyuni, akajaribu kubeba mizigo sokoni, mwisho akaingia kwenye kazi ya dagaa ng'ambo ya ghuba, kwenye mwalo mdogo wa wavuvi mbele ya Busisi. Akapata mke huko huko kwenye shughuli za samaki, Roza, binti wa Kijaluo kutoka Mara, wakapanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwa Tereza. Roza alikuwa na mimba ya miezi mitano upepo ulipopindua mtumbwi. Walikuwemo vijana wanne. Mmoja aliogelea akatoka. Wawili ziwa liliwarudisha, mmoja baada ya mwingine. Pius hakurudishwa.

Mzee alikuwa mtu wa ng'ombe. Maisha yake yote ziwa aliliona kutoka juu ya pantoni tu, akiwa ameshika mhimili kwa mikono miwili, na hata kuogelea hakujua. Lakini alipofika mwaloni na fimbo yake ya kuchungia aliteremka mpaka majini, akasimama hapo, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwondoa. Wavuvi walimpa nafasi kwenye kambi yao. Akaikataa, kwa sababu kambi ilikuwa nyuma ya kilima kidogo cha mawe na mtu aliyelala ndani yake hayaoni maji. Yeye alitaka akifumbua macho ayaone maji. Ardhi ya ufukweni ilikuwa tope na siafu, hailaliki. Ndipo Okomo, kiongozi wa mwalo, akachukua kipande cha tanga kuukuu, akakifunga kamba pande mbili, akakining'iniza kati ya migunga miwili iliyosimama karibu na mafunjo. Machela. Mzee akapanda humo kama mtoto anavyopanda mgongoni kwa mama, na humo akawa analala.

Mbu ndio walioleta homa. Mafunjoni walikuwa wengi kuliko mchanga, na jua likizama walitoka kwa pamoja na sauti yao ile nyembamba. Juu ya hao kulikuwa na wadudu wa ziwa, wale wanaopanda kutoka majini kama moshi wa nyika inayoungua, wakiingia puani, masikioni na ndani ya uji.

Siku ile ya kutoka zahanati Tereza alimsaidia baba yake kupanda machelani, akampa maji, akakaa kwenye jiwe.

"Baba, daktari amesema malaria ikikurudia tena hivi ulivyo dhaifu, hutaiweza."

"Nimesikia. Alikuwa anasema na mimi."

"Na bado unabaki?"

Mzee hakumgeukia. Alikuwa anaangalia maji, ambayo mchana ule yalikuwa yametulia, magugu maji yakielea kwa mafungu.

"Ng'ombe akipotea, mayu, mama yangu, unafuata nyayo," alisema. "Unafuata nyayo, unafuata mavi, unaangalia majani yaliyokatwa. Hata kama ameliwa na fisi utaona pembe, utasema, sawa, ni huyu, nimemwona. Ziwa halina nyayo. Sasa mimi nifuate nini? Nikiondoka hapa akatokea, nani atamjua? Atazikwa kama mzoga usio na mwenyewe."

Ndugu wa Misungwi walikuwa wanapiga simu kila jioni kumtaka Tereza amrudishe mzee, matanga yaanuliwe, watu wapumzike. Mmoja alisema kuna watu huzika shina la mgomba mahali pa mtu asiyeonekana, na jambo likaisha. Tereza alipomweleza baba yake hayo, mzee aliuliza kama huo mgomba ungeitwa Pius, na tangu hapo hakuna aliyeutaja tena.

Basi Tereza akaamua kwamba kama baba haondoki, wa kuzuiwa ni mbu. Yeye alikuwa fundi cherehani. Sare za shule na mapazia ndiyo yaliyomlisha. Alikwenda soko kuu akanunua chandarua kipya cha duara, kile chenye pete juu, akavuka daraja jipya nacho, akakitundika kwenye tawi juu ya machela. Kilionekana kizuri. Lakini upepo wa jioni ulikipeperusha kama gauni la mwanamke anayekimbia, na aliporudi siku nyingine alimkuta baba yake mgongo mzima umevimba vipele.

"Wanamuuma kwa chini," Okomo alimweleza. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, anayezungumza taratibu. "Lile tanga limechakaa, na akilala linavutika, linamgusa mwili. Mbu anasimama chini anapitisha mdomo wake. Binti, neti ya kitandani ni ya kitanda. Kitanda kina godoro. Hapa hakuna godoro."

Tereza alichuchumaa, akaingiza mkono chini ya machela, akaligusa tanga pale mgongo wa baba yake ulipolala. Ni kweli, lilikuwa jembamba, joto la mwili likipita wazi. Akatoa futi yake ya kupimia kwenye pochi. Alipima machela kutoka kamba hadi kamba, akapima upana mzee akiwa ndani, akapima kutoka kifuani kwake hadi pale mkono wake ulipofika akiuinua. Mzee alimwacha apime bila kuuliza, kama mteja.

Njiani kurudi Mkuyuni chandarua kingine kilikuwa tayari akilini mwake. Kisining'inie juu ya machela, bali machela ipite ndani yake. Kiwe kama foronya ndefu iliyo wazi pande zote mbili, kila upande una kamba ya kukaza pale tanga linapogeuka kamba, juu kuna kamba nyingine ya kukiinua kisimguse uso, na ubavuni zipu ya kuingilia. Mbu akizunguka asipate mlango, si juu wala chini. Shida ilikuwa kitambaa. Kile cha duara alichonunua kilikatwa kwa mteremko, juu chembamba na chini kipana. Ukikikata tena unapata vipande vya kuungaunga, na kila muungo ni mlango.

Alimweleza Roza hayo wakichambua mchele uani. Roza alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka ungo chini.

"Kata ile yetu, wifi."

"Ipi?"

"Ya kitandani. Ni ya pembe nne, kubwa, ile ya futi sita kwa sita. Inatosha."

"Roza, una mimba. Wewe ndiye wa kulala kwenye neti kuliko mtu yeyote."

"Nipe hiyo ya duara. Mimi nina godoro." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Nikiingia kwenye ile, wifi, upande wake uko pale pale. Sijui nikueleze vipi. Naichomeka chini ya godoro pande zote, halafu naona nimefungiwa na mtu ambaye hayupo. Ikate. Kama ni kumlinda baba yake, mwenyewe angetoa."

Walikishusha pamoja. Kilikuwa cha buluu iliyofifia, kimefuliwa mara nyingi, na kilikuwa na harufu ya chumba kile, ya sabuni na mafuta ya taa na dagaa kidogo. Tereza alikitandaza sakafuni kwake akakaa na mkasi mkononi muda mrefu. Alikuwa amekata vitambaa vingi, hata vya maharusi, bila kusita. Roza ndiye aliyesema, "Nishike wapi?" Tereza akamwonyesha pembe ya kushika, akakata.

Wavu mwepesi hauipendi cherehani. Meno ya chini yaliukamata yakaumeza, uzi ukajiviringa, sindano ikakatika. Tereza akabadilisha sindano, akatia nyembamba, akachukua magazeti ya zamani ya kufungia nguo, akayachana vipande virefu akawa anaweka chini ya kila mshono, wavu juu na gazeti chini, na cherehani ikaenda kama inashona shati. Mshono ukiisha Roza anachana gazeti taratibu, vijikaratasi vinabaki vimeshikilia uzini, anavitoa kimoja kimoja kwa kucha. Kwenye pindo za kamba Tereza aliongeza ukanda wa kitenge, chekundu chenye maua ya njano, kilichobaki kwenye gauni la mteja, ili kamba isije ikaula wavu. Zipu aliitoa kwenye mfuko wa godoro la zamani, ndefu, yenye meno makubwa ambayo vidole vya mzee vingeyaweza.

Karibu na kati walikuta mahali palipokuwa pamechanika na kushonwa. Si kwa uzi wa nguo. Kwa uzi wa nyavu, mafundo madogo madogo, yamekazwa vile wavuvi wanavyokaza.

"Alishona yeye," Roza alisema. "Nilimwambia ampelekee dada yake fundi. Akasema fundi atamcheka."

Tereza alipitisha kidole juu ya mafundo yale. Tangu habari zilipofika alikuwa mtu wa kukimbia huku na huko: polisi, hospitali, simu, kupika kwa ajili ya waombolezaji, kuvuka na kuvuka tena. Hakuwa amepata nafasi ya kukaa chini. Sasa alikuwa amekaa, mguu juu ya kanyagio, na mguu ukagoma. Aliinamia cherehani akalia, na Roza akaja akasimama nyuma yake, tumbo lake limegusa mgongo wa wifi yake, wakalia wote mpaka mteja aliyekuja kuulizia sketi akageuka bila kubisha hodi.

Kisha wakamaliza kazi.

Siku alipokwenda kukifunga, Okomo alishika upande mmoja wa kamba na Tereza upande mwingine. Vijana wawili wa mtumbwi walisimama kutazama. "Huku watu wanageuza neti kuwa nyavu za dagaa mpaka tunakamatwa," Okomo alisema, "wewe umeleta neti ya kuvulia mzee." Mzee Ndalahwa mwenyewe alisikia, na mdomo wake ukasogea kidogo. Aliingia, akalala, Tereza akafunga zipu kutoka miguuni hadi begani. Wavu ulisimama mbali na uso wake, na chini ulining'inia hewani bila kugusa tanga popote. Jua lilikuwa linashuka. Kwenye mafunjo mbu walianza, na mbali juu ya maji moshi wa wadudu ulikuwa unainuka.

"Baba, unawasikia?"

"Nawasikia. Nawaona pia. Wananitafuta." Vidole vyake vilikuwa vimefika kwenye yale mafundo. "Hii ni ya Pius?"

"Ndiyo, baba. Roza ndiye ametoa."

Tereza alipoaga mzee alikuwa bado anayashika mafundo yale.

Kwa muda mambo yalikuwa nafuu. Homa haikurudi. Tereza alivuka kila alipopata nafasi, akamkuta baba ana nguvu, ananyoosha miguu ufukweni na fimbo yake asubuhi na jioni. Alimpelekea maziwa ya mgando, viazi, michembe ya viazi vikavu iliyochemshwa na karanga. Samaki hakumpelekea. Tangu mtumbwi upinduke hakuna mtu wa nyumba yao aliyetia samaki mdomoni, na hakuna aliyekuwa amekataza.

Jumapili moja alitoka kanisani misa ya kwanza, akavuka na mfuko wa chakula. Bodaboda ilimshusha juu ya kilima cha mawe, na kutoka pale aliiona migunga miwili. Machela ilikuwepo, tupu, inapepea. Chandarua hakikuwepo. Kamba ya juu ilikuwa imekatwa, kipande kinaning'inia.

Aliangalia ufukwe mzima. Mbali kidogo, pale mafunjo yanapoisha, watu walikuwa wamekusanyika bila kupiga kelele. Katikati yao mzee Ndalahwa alikuwa ameketi chini, kofia mkononi. Mbele yake kulikuwa na kitu kirefu kimelazwa mchangani, kimefunikwa kwa buluu, na pembeni ya buluu kulikuwa na ukanda mwekundu wenye maua ya njano.

Mfuko ulimtoka. Alijua kwa hakika isiyohitaji kuulizwa, kwamba baba yake asingemfunika mtu mwingine yeyote kwa chandarua cha Pius. Alishuka kilima akikimbia, kiatu kimoja kikabaki kwenye mawe. Alikuwa anaita jina. Okomo alitoka kwenye kundi akaja mbio kumkinga, akamshika mabega.

"Si yeye. Binti, nisikilize. Si yeye."

"Niache nimwone!"

"Utamwona. Lakini si yeye. Huyu ni mtu mwingine."

Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa, kitu ndani yake kilimwaibisha: alikasirika. Alimkasirikia maiti yule kwa kuwa si Pius. Alikaa mchangani karibu na baba yake, pumzi zikimpanda.

Mzee alimweleza bila kumtazama. Alfajiri, kabla hajafungua zipu, aliona kupitia wavu magugu maji yamesogea hadi ufukweni, na katikati yake kuna bega. Aliingia majini. Ndiyo, yeye, aliingia mpaka kifuani, akamvuta kwa fimbo kisha kwa mikono, huku akimwita Pius. Alipomgeuza akaona uso wa kijana asiyemjua, ana kovu kidevuni, shati la mistari. Akamtoa hivyo hivyo. Nzi walikuwa wameshaanza. Hakuwa na kitu kingine cha kumfunika, kwa hiyo alikata kamba.

"Niliona nisimwache peke yake nikaenda kuita watu," alisema. "Nilipiga kelele hapa hapa mpaka wakaja."

Simu zilipigwa mwalo hadi mwalo. Polisi walikuja, wakaandika yao. Mchana habari zikarudi kutoka kisiwa cha Kome: kijana aitwaye Revocatus alidondoka kutoka kwenye mtumbwi siku chache zilizopita, ana kovu kidevuni. Alasiri mtumbwi wa mashine ulitia nanga, wakateremka wanaume na mwanamke mmoja mnene mwenye kanga mbili, Wilhelmina, mama yake Revocatus. Mzee Ndalahwa alisimama. Yeye mwenyewe ndiye aliyefunua wavu upande wa uso, kidogo tu, panapotosha.

Mama yule hakupiga yowe. Alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye kovu lile, akasema, "Ndiye. Alianguka kwenye mwembe akiwa mdogo." Kisha akamtazama mzee. "Nani amekaa naye?"

"Mimi."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu alipotoka majini."

"Na wewe baba, ulikuwa unafanya nini hapa?"

Mzee Ndalahwa aligeuka akayatazama maji. Tereza hakuwahi kumwona baba yake akilia, hata siku ya kumzika mama yao. Sasa alilia wima, fimbo mkononi, mabega yakimtikisika, na ni Wilhelmina, aliyekuja kumchukua mwanawe, aliyemshika mkono akamkalisha. Okomo ndiye aliyemweleza mama yule habari za Pius.

Jioni hiyo walikwenda Kome. Hakuna aliyewaalika wala aliyewazuia. Mzee aliingia mtumbwini akakaa karibu na maiti, na Tereza, ambaye hakuwa amepanda mtumbwi tangu ajali ile, akaingia nyuma yake akishikilia ubao mpaka vidole vikafa ganzi. Asubuhi Revocatus alizikwa nyuma ya nyumba yao, kwenye migomba. Wilhelmina alitaka kurudisha chandarua, alikuwa tayari amemwita mtu wa kukifua. Mzee akasema kiende na kijana, asibughudhiwe tena. Katekista aliposema ndugu watupe udongo, wa kwanza alikuwa Wilhelmina, kisha akageuka akampa mzee Ndalahwa nafasi ya pili, kabla ya wajomba. Mzee alichota udongo kwa mikono miwili. Alivyoutupa, Tereza aliona midomo yake inasogea, lakini alichosema hakikusikika.

Waliporudi mwaloni mzee aliifungua machela mwenyewe, akaikunja, akamkabidhi Okomo kwa mikono miwili. Okomo aliipokea, akaiweka begani.

"Twende nyumbani," mzee alimwambia Tereza. Walipokuwa wanapanda kilima alisimama kupumua. "Yule mama alikuja akakuta mtu. Huenda na wetu, popote alipotokea, palikuwa na mtu."

"Na kama hapakuwa na mtu, baba?"

"Sijui, mayu." Aliangalia nyuma mara moja. "Hilo sitalijua."

Mkuyuni, Tereza alimweleza Roza yote, akaogopa kufika kwenye chandarua, akafika. Roza aliendelea kukoroga uji muda mrefu.

"Alikuwa na umri gani?" aliuliza mwishowe.

"Kama Pius. Au amemzidi kidogo."

"Mama yake ana wengine?"

"Ana mabinti."

Roza akaitikia kwa kichwa. Akamimina uji kwenye bakuli, akaupeleka chumbani alimokuwa baba mkwe wake, akarudi nao ukiwa bado unatoka mvuke. Mzee alikuwa amelala. Alikuwa amejilaza kitandani na viatu vyake, mchana kweupe, mdomo wazi, anakoroma, ukiacha zahanati, mara ya kwanza kulala chini ya bati tangu aende ziwani.

Tereza alikuwa ameanza kushona sare zilizochelewa. Sasa aliuondoa mguu kwenye kanyagio ili cherehani isimwamshe. Mwanamke mmoja alisimama mlangoni na kitambaa chake, na Tereza akajiwekea kidole midomoni, akamwonyesha benchi akae.